Siku Kitenzi Kilipopewa Baba

Nchi yetu ni nchi ya amani. Nalisema hili mwanzoni ili asiyependa kusoma mengi aishie hapa, akalale salama. Ina mito, ina milima, na ina vibao vinavyokataza watu kukaa karibu na mito na milima. Jina lake sitalitaja, kwa kuwa kulitaja bila kibali ni kosa, na ofisi ya kutoa kibali bado inajengwa.

Mimi kazi yangu ni vipaza sauti. Popote serikali inapotaka kusema, mimi nimetangulia kuvuta nyaya, kupandisha spika juu ya nguzo na kusema "moja, mbili, moja, mbili" mpaka watu wanichoke. Kwa hiyo haya nisiyoyaongezea chumvi sikuyapata kwa jirani. Niliyasikia kwa masikio yangu mwenyewe, tena kwa sauti ya juu.

Yalianza pale Mtukufu Baba Kanyosha, Rais wetu, aliporudi kutoka safari ya ng'ambo akiwa amenuna. Huko alikokwenda, wakiwa mezani, mwenyeji mmoja alimwuliza kwa upole nchi yetu imeipa dunia kitu gani. Mtukufu alitaja korosho, akaambiwa zinatoka kwa jirani. Alitaja amani, wenyeji wakacheka wakidhani ni utani. Alirudi na aibu hiyo imemkwama kooni kama mwiba wa samaki, na pale uwanja wa ndege hakupokea hata shada la maua.

Wiki iliyofuata tulikuwa tunazindua daraja. Mto wake ulikuwa haujapatikana bado, lakini daraja lilikuwa zuri, limepakwa rangi. Mtukufu aliiweka kando hotuba aliyoandikiwa, akashika kipaza sauti changu kwa mikono miwili.

"Ndugu wananchi," alisema, "Mwingereza ana kitenzi kimoja ambacho bila hicho hawezi hata kutoka kitandani. Kitenzi chenyewe ni *take*. Akibeba mzigo, *take*. Akinywa dawa, *take*. Akipanda basi, akipiga picha, akienda likizo, akila kiapo, ni *take*, *take*, *take*. Sasa nawauliza, alikitoa wapi?"

Kwetu swali la Mtukufu halijibiwi, linasubiriwa.

"Alikitoa kwa bibi yangu," akasema. "Kijijini kwetu Mzambarauni, kila asubuhi bibi aliwaambia wasichana: nendeni mkateke maji. Siku moja akapita Mzungu mwenye kofia. Akasikia, akaandika, akaondoka nacho. *Teka, take*. Nani haoni?"

Tuliona wote. Walinzi walikuwa wanapita katikati yetu kumtafuta asiyeona. Wapo waliokumbuka kwamba kuteka kuna kazi nyingine, hasa mtu anapotoka kazini na asifike nyumbani, lakini hao hawakuwa wameulizwa.

*

Siku ya pili yake iliundwa Tume ya Asili ya Kitenzi, chini ya Waziri wa Maneno, Bwana Mapute. Bwana Mapute alikuwa mtu wa mjini, kazaliwa mjini, kasoma mjini, na kijiji alikuwa akikiona kupitia dirisha la gari lililofungwa. Mfukoni aliweka kalamu nyingi kiasi kwamba koti lake lilining'inia upande mmoja.

Kazi ya kwanza ya Tume ilikuwa kugawa maana. Ilikuwa imegundulika katika kamusi kwamba kitenzi hicho kina maana nyingi kuliko wizara tulizonazo, na mali ya taifa haiachwi ikazagaa. Wizara ya Afya ilipewa maana ya kunywa dawa. Uchukuzi wakapewa kupanda basi, Utumishi wakapewa likizo, Habari wakapewa kupiga picha. Jeshi na Utalii waligombania maana ya kwenda matembezi mpaka ikabidi chai iletwe. Waziri wa Ardhi alikaa kimya muda wote. Mwishoni alisema yeye anaomba ile maana ya kwanza tu, ya kuchukua, hizo nyingine wagawane wenzake. Tulimsifu sana kwa kutokuwa na tamaa.

Kazi ya pili ilikuwa kumpata mtaalamu. Katika nchi nzima mtu aliyesomea asili ya maneno ya Kiingereza alikuwa mmoja, Mwalimu Mlinde wa Chuo cha Ualimu, mtu mwembamba, mpole, mwenye vumbi la chaki mikononi hata siku za mapumziko. Mkewe, Bi Siwema, alikuwa fundi cherehani, akishona sare za shule barazani kwao. Walikuwa na watoto watatu na redio moja, na hawakuwa na ugomvi na mtu yeyote.

Mwalimu Mlinde aliitwa mbele ya Tume aseme neno moja tu: naam. Bwana Mapute alikuwa amemwandikia.

Nilimsogezea kipaza sauti. Alikohoa kidogo.

"Waheshimiwa, mtaniwia radhi," alisema. "Kitenzi hiki hakikuzaliwa kwetu. Hata Uingereza hakikuzaliwa. Zaidi ya miaka elfu iliyopita, maharamia wa kaskazini walivuka bahari wakavamia nchi ya Waingereza. Walichoma nyumba, wakabeba nafaka, ng'ombe na watu. Baadaye wengine wao wakahamia kabisa, wakaoa, wakalima. Kitenzi hiki ni chao. Waingereza walikuwa na kitenzi chao wenyewe cha kuchukua, *niman*. Sasa, mimi naona hivi: ukichukuliwa vyako mara nyingi, mwishowe hata kuchukuliwa unakusema kwa lugha ya anayekuchukua. Kile chao kikafa. Kilichobaki ni kipande tu, kimejificha ndani ya neno lao la ganzi, *numb*."

Nyuma kule mtu mmoja alipiga makofi, akagundua yuko peke yake, akajifanya anaua mbu.

"Mwalimu," Bwana Mapute aliuliza taratibu, "unataka kusema bibi yake Mtukufu alikuwa mwongo?"

"Sijasema hivyo, Mheshimiwa. Bibi alikuwa anateka maji. Maji ni maji."

Alishukuru, akainama, akatoka kwa mlango wa nyuma kama alivyoelekezwa. Nje palikuwa na gari lisilo na namba. Nililiona kwa kuwa lilikuwa limeegeshwa juu ya waya wangu. Nilikwenda kumwomba dereva alisogeze kidogo, naye alilisogeza mara moja, na Mwalimu alikuwa tayari yumo ndani. Hakunitazama. Niliuokota waya wangu, nikaukagua kama umekatika.

*

Bi Siwema alianza kumtafuta. Hapa lazima niwatendee haki watumishi wetu wa umma, kwa sababu hakuna ofisi hata moja iliyomfukuza. Kila alikofika alipewa kiti, akajibiwa kwa mujibu wa mgao.

Utumishi walimwambia Mwalimu amechukua likizo. Uchukuzi wakamwambia hapana, alichukua basi. Afya walimhakikishia kwamba amechukua dawa na anaendelea vizuri, ingawa hakuwahi kuumwa. Habari walimwonyesha picha iliyochukuliwa. Mwalimu ameketi mbele ya ukuta mweupe, macho yamevimba, na kwa chini wameandika kwamba anatabasamu. Ardhi hawakusema lolote kuhusu Mwalimu, waliuliza tu kama ile nyumba wanayoishi ina hati.

Alirudi barazani kwake akaketi mbele ya cherehani. Watu walipita wakimtolea salamu kwa mbali, kama unavyomsalimu mtu mwenye tetekuwanga. Nami nilipita. Niliwahi kushonewa suruali na mama yule, ikanikaa vizuri, na siku ile sikusimama.

Serikali nayo ilikuwa na shida yake. Maneno ya Mwalimu yalikuwa yamerushwa hewani. Sokoni watu walianza kumwita mtoza ushuru haramia wa kaskazini. Watoto walicheza mchezo mpya, mmoja anakuwa ng'ombe, wengine wanakuja na merikebu. Cheti cha Tume kilibandikwa kila ukuta kwamba kitenzi ni chetu, na kila asubuhi cheti kilikutwa kimeondolewa. Nani amekichukua? Watu walijibu kwa heshima kwamba kimekwenda kwao kaskazini.

Basi Bwana Mapute akaagiza Bi Siwema aletwe ofisini. Mimi nilikuwa nimepiga magoti chini ya meza, nafunga waya wa kurekodia, ndiyo maana najua walichosema.

"Mama," Waziri alisema, "mumeo ni mgonjwa wa vitabu. Wewe ni mwenye akili. Simama mbele ya watu, useme mumeo alikosea na kitenzi hiki ni mwana wa Mzambarauni. Ukisema hivyo, huenda likizo yake ikaisha."

"Huenda?"

"Serikali haiahidi, mama. Serikali inatarajia."

Nilikuwa naona miguu ya Bi Siwema tu, na kandambili zake zilizoungwa kwa uzi wa cherehani. Miguu haikutikisika.

"Nitasema," alijibu. "Tena sitasema kinyonge. Ila, Mheshimiwa, mimi kwetu ni Mzambarauni, jirani kabisa na kwao Mtukufu. Watu wa kule hawaamini karatasi. Ukiwabandikia cheti wanafungia vitumbua. Kama kitenzi ni mwana aliyepotelea ugenini, basi apokewe kama mwana anavyopokewa. Anyolewe nywele mbele ya ukoo, Mtukufu atamke maneno ya kizingitini, na kesho yake mlango uwe wazi. Baada ya hapo nani atabisha?"

Nilijigonga kichwa chini ya meza.

Mimi pia kwetu ni upande ule, na mila ile naijua. Mwana akizaliwa nje akakulia ugenini, siku baba anapomkubali humleta nyumbani, humnyoa, na husema mbele ya watu: "Huyu ni wangu, kwa jema lake na kwa baya lake." Kesho yake baba huketi ndani ya kizingiti, mlango wazi, na nje huwekwa kigoda. Yeyote aliyekosewa na mwana huyo huko alikopita huja akaketi pale, akadai. Baba hujibu yeye. Cha kurudishika hurudishwa palepale, kisichorudishika huelezwa kilipo. Na maadamu kigoda kina mtu, baba haruhusiwi kuinuka wala mlango haufungwi. Mlango wenyewe hushikwa na shangazi wa ukoo, na neno lake halina rufaa.

"Kuna nini huko chini?" Waziri aliuliza.

"Waya, Mheshimiwa," nikasema.

Ningeweza kumweleza. Ni kazi ya raia mwema kueleza. Lakini hakuwa ameniuliza, na katika nchi yetu kujibu usichoulizwa ndiko kulikompeleka Mwalimu likizo. Nikakaza skrubu. Bwana Mapute alikuwa ameshaanza kuandika, na kalamu yake ilikuwa inakimbia kwa furaha.

*

Mtukufu aliipenda rai hiyo kupita kiasi. Mila alikuwa anaijua, tena yeye ndiye aliyepitisha Sheria ya Kulinda Mila, ambayo kwayo alimwondoa Makamu wake kwa kosa la kunawa kabla ya wakubwa. Lakini alifikiri kama ambavyo mtu yeyote mwenye usingizi mzuri angefikiri: nani atakuja kukishtaki kitenzi? Watakuja watu na zawadi. Mabalozi wataalikwa. Yule mwenyeji wa ng'ambo ataona kwenye televisheni.

Shangazi yake, Bi Nyamvula, aliletwa kutoka Mzambarauni kwa gari la serikali. Alikuwa mama mnene, mwenye sauti nzito, na ndiye mtu pekee nchini aliyemwita Mtukufu kwa jina bila kutanguliza cheo.

"Kanyosha, mwanangu," alimwuliza nikiwa nampima sauti, "una hakika na mtoto huyu? Unamjua alikopita?"

"Shangazi, wewe andaa kigoda."

"Kigoda ninacho. Nakuuliza wewe."

Mtukufu alicheka akampiga kofi la mapenzi begani. Bi Nyamvula hakucheka.

Ilitokea shida moja ndogo ya kitaalamu, kwamba kitenzi hakina nywele. Seremala wa serikali alichonga herufi nne za mti wa mvule, kubwa kama mtu mzima, akazigundishia manyoya ya mbuzi. Zikavikwa kanzu. Siku ya kupokewa zilibebwa na askari hadi mbele ya umati, bendi ikipiga, na kinyozi wa Ikulu akazinyoa moja baada ya nyingine kwa wembe mpya. Herufi ya mwisho ilimsumbua kwa sababu ya pembe zake. Mabalozi walitazama saa zao kwa adabu.

Kabla ya kunyoa, Bi Siwema aliitwa. Alisimama mbele ya kipaza sauti changu katika gauni la bluu alilolishona mwenyewe.

"Mume wangu alikosea," alisema. "Kitenzi hiki kina baba hapa hapa kwetu. Namtambua. Nimeona kazi yake kwa macho yangu."

Makofi yalikuwa makubwa. Lakini upande walikosimama wanafunzi wa Mwalimu hakukuwa na makofi, na mmoja wao alitema mate chini. Bi Siwema aliyaona mate yale. Alishuka jukwaani akitazama mbele, na nilipomsaidia kuruka nyaya nilihisi mkono wake ni wa baridi kama maji ya mtungi. Nilitaka kumwambia kwamba najua anachofanya. Niliona haya.

Kisha Mtukufu akasimama kizingitini pa Ikulu, akainua mkono, na sauti yake ikatoka katika kila spika niliyoifunga, kutoka bandarini hadi mpakani: "Huyu ni wangu, kwa jema lake na kwa baya lake."

*

Kesho yake asubuhi mlango wa Ikulu ulikuwa wazi.

Mtukufu aliketi ndani ya kizingiti kwenye kiti chenye mito. Bi Nyamvula alisimama pembeni, mkono juu ya bawa la mlango. Nje kilikuwapo kigoda kidogo cha miguu mitatu, na mbele yake kipaza sauti kimoja. Meza ya kupokelea zawadi iliwekwa kando, imetandikwa kitambaa cheupe. Matangazo yalikuwa yanarushwa moja kwa moja nchi nzima.

Watu walikuwa wengi, na walikuwa wamekuja mikono mitupu. Bwana Mapute alilitambua hilo kabla ya wengine. Nilimwona akigeuza shingo huku na huku akitafuta kuku, au hata mkungu wa ndizi.

Bi Siwema alitoka katikati ya watu, bado yumo katika gauni lake la bluu, akaketi kigodani.

"Hodi, baba," alisema.

"Karibu, mama. Umekuja kumpongeza mwanangu?"

"Nimekuja kumdai. Mwanao amemchukua mume wangu, Mlinde, mwalimu wa chuo. Kila wizara niliyokwenda imenithibitishia kwamba ni huyu huyu mwanao: mara amemchukulia likizo, mara basi, mara picha. Namtaka mume wangu."

Mtukufu alicheka. Kicheko kilikwenda hewani, kikarudi kutoka kwenye spika za mbali kimechelewa kidogo, na hakuna aliyekipokea.

Bwana Mapute alinijia akitembea kwa vidole. "Zima," alininong'oneza. "Zima hicho kipaza sauti."

Sasa, mimi si shujaa, na nisingependa mtu aondoke hapa na dhana hiyo. Mimi ni mtu wa kanuni. Mwenzangu mmoja aliwahi kuzima kipaza sauti Mtukufu alipokuwa anapiga chafya, ili kulinda heshima, na tangu hapo ikawekwa kanuni kwamba sauti ya Mtukufu haizimwi ila kwa saini ya Mtukufu mwenyewe. Nilimweleza Waziri hivyo. Jasho lilikuwa linaniingia machoni. Alitoa kalamu moja, akatazama kile kiti chenye mito, akatazama kamera, akairudisha mfukoni. Kidole changu kilikuwa juu ya swichi, na nusura kiteleze kwa hofu tu.

"Mama," Mtukufu alisema, na sasa hakuwa anacheka, "hilo ni neno. Neno halina mikono."

"Jana lilikuwa na nywele," Bi Nyamvula alisema kutoka mlangoni.

Umati ulipumua kwa pamoja, na askari wakabana bunduki zao kwapani. Mtukufu alimtazama shangazi yake, akatazama mlango. Alikuwa ameanza kuinuka, magoti yamekwisha kunyooka nusu.

"Kanyosha, kigoda kina mtu," Bi Nyamvula alisema. "Sheria uliiandika wewe. Makamu wako aliondoka kwa ajili ya maji ya kunawa. Wewe unataka kuondoka kwa ajili ya nini?"

Mtukufu alikaa. Shingo yake ilikuwa imelowa. Akafanya kile ambacho nadhani hata mimi ningekifanya kama ningekuwa na kiti kile: akamkana mwana.

"Sawa," alisema kwa sauti kubwa. "Huyu si wangu. Nilidanganywa na wataalamu. Huyu ni mtoto wa maharamia wa kaskazini. Mwende mkadai huko."

Nilisikia sauti hiyo ikitoka bandarini, ikitoka sokoni, ikitoka kwenye baraza za nyumba zote zenye redio. Bwana Mapute alifunika uso kwa faili.

"Kumbe," Bi Nyamvula alisema polepole. "Basi nisaidie, mimi sikusoma. Kama mtoto ni wa maharamia, yule mwalimu alisema kweli. Yumo ndani kwa kosa gani? Na kama mtoto ni wako, basi rudisha alichokichukua. Chagua unalotaka, mwanangu. Mimi mkono wangu uko hapa tangu asubuhi na haujachoka."

Askari mmoja kijana alimtazama mkubwa wake, na mkubwa wake akatazama viatu. Bi Siwema aliketi wima, mikono magotini. Niliogopa kwa ajili yake, nikajiogopea mwenyewe, nikawaogopea na watoto wale watatu ambao sikujua wameachwa kwa nani.

Mtukufu alinyanyua kidole kimoja, bila kumtazama mtu. Afisa mmoja akaondoka mbio.

Haikuchukua muda mrefu, na hilo ndilo lililotuumiza. Tulikuwa tumedhani yuko mbali, ng'ambo ya mito na milima, huko kwenye vibao. Alitolewa kwenye stoo iliyo nyuma ya jengo la Tume, hatua chache tu kutoka hapo tulipokuwa tumekaa na kugawana maana na chai. Mwalimu Mlinde alitembea akiwa peku, mkono mmoja umeshika suruali kwa kuwa mshipi walimvua. Alikuwa amekonda hata kwa mtu ambaye alikuwa mwembamba. Jua lilimshinda, akasimama akipepesa macho, mpaka alipoliona lile gauni la bluu.

"Siwema," alisema.

Mama yule alilia hapo. Alilia bila sauti, akiwa ameketi, na hakuinuka kumkumbatia. Mwalimu alimfikia, akamshika bega.

"Inuka twende nyumbani, mama watoto. Imetosha."

"Ngoja," alisema.

Nikaona anachokiona. Mtukufu alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti, mikono juu ya mito, macho hayatoki kwenye kigoda. Askari wawili walikuwa wamesogea karibu na bawa la mlango. Kigoda kikibaki kitupu hata kwa kitambo cha kupangusa machozi, mlango ule utafungwa kihalali, na hautafunguliwa tena maisha yetu yote.

Nyuma ya Bi Siwema alikuwa amesimama mama mmoja wa makamo, kajifunga kanga kiunoni, miguu ina udongo wa safari ndefu. Sikumjua, na Bi Siwema naye nadhani hakumjua. Bi Siwema alinyosha mkono nyuma akamvuta. Akajisogeza pembeni mpaka akawa amekalia nusu ya kigoda, na yule mama akaketi kwenye ile nusu nyingine, bega kwa bega, kigoda kikalia. Walikaa hivyo mpaka mgeni akatulia. Ndipo Bi Siwema akainuka, akamshika mumewe mkono, akatembea naye taratibu kando ya mstari wa watu. Mstari ulikuwa umepita lango, umepita mnara, umepinda kwenye kona ya posta, na sikuona mwisho wake.

Mtukufu alirudi nyuma kitini.

Yule mama alikitazama kipaza sauti kwa wasiwasi, kwa kuwa hakuwahi kusemea kitu kama kile. Nilikwenda nikakishusha kidogo, kikawa sawa na mdomo wake.

"Wa kwangu walikuwa wawili," alianza. "Pacha."